Nani Anaidai Sauti?

Kila harusi inapofanyika katika kijiji cha shangazi yangu, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, hakosekani mgeni wa kusema maneno haya: "Sauti kama hii kubaki huku ni israfu." Mgeni huyo huwa amevuka kwa boti ya Nyamisati pamoja na watu wa upande wa bwana harusi, na anasema kwa nia njema kabisa. Wenyeji hucheka. Shangazi hajibu, anaendelea kunywa maji yake ya tangawizi akisubiri ngoma ipashwe moto upya.

Israfu ni neno zito. Hatulitumii kwa kitu kilichokosa bahati tu. Tunalitumia kwa makosa ya kila siku yenye mtu wa kulaumiwa: kumwaga wali uliobaki, kuacha bomba likitiririka, kuwasha taa mchana. Anayesema sauti ya shangazi ni israfu anamsifu kwa mkono mmoja na kumshitaki kwa mwingine. Anadai kuwa alikabidhiwa kitu na hakukitumia inavyostahili.

Nataka kuyapima mashitaka hayo, kwa sababu mwaka huu yamepata mtu mwingine wa kuangukia. Mjukuu wa shangazi amemaliza kidato cha nne. Ana sauti ileile ya bibi yake na anataka kwenda kusoma muziki, Bagamoyo au Zanzibar, popote atakapopokelewa. Wazee wa ukoo wameitisha kikao. Mimi ni mwalimu, na kwetu mwalimu huhesabiwa kuwa mtu mwenye majibu, kwa hiyo nimeambiwa nijiandae kusema neno.

Nianze na sauti yenyewe. Katika kwaya zetu waimbaji hugawanywa kwa namba: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Wanamuziki wa opera wana mgawanyo wa kina zaidi, na kati ya soprano iliyo juu na kontralto iliyo chini wameweka sauti ya kike wanayoiita mezosoprano, yaani soprano ya nusu, au ya kati. Ni sauti yenye uzito na kiza kidogo, inayoweza kupanda lakini ambayo nyumba yake iko chini. Shangazi hajawahi kusikia neno hilo. Lakini akianza kuimba, wanawake walioketi karibu naye huacha kupepea vipepeo vyao, kwa sababu sauti yake hairuki kuelekea kwenye makuti. Inatambaa kwenye mkeka, inakufikia magotini kwanza.

Katika hadithi za opera, soprano kwa kawaida ndiye mpenzi, ndiye anayeliliwa mwishoni. Mezosoprano hupewa waliobaki: mama, mchawi, mtumishi, mke mwenye wivu. Katika *Aida* ya Verdi, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1871, yeye ni Amneris, binti wa mfalme anayempenda mwanamume ampendaye mwingine. Katika *Ndoa ya Figaro* ya Mozart, ya mwaka 1786, anavalishwa suruali na kuwa Cherubino, kijana wa kiume aliyeanza tu kubalehe. Carmen wa Bizet ni miongoni mwa wachache waliopewa hadithi nzima iwe yao. Kwa hiyo hata huko kwenye majumba makubwa ya muziki, kuna watu walioamua mapema sauti fulani ni ya kazi gani. Hilo likumbukwe, maana ndilo swali letu likiwa limevaa nguo nyingine.

Mezosoprano mmoja alilikataa jibu aliloandaliwa. Grace Bumbry alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1937. Akiwa bado msichana alishinda shindano la uimbaji la redio, na sehemu ya zawadi ilikuwa nafasi katika chuo cha muziki cha mji wake. Chuo kikakataa kumpokea kwa sababu ni mweusi. Kikajitolea kumfundisha kando, mbali na wanafunzi weupe. Mama yake akasema hapana. Bumbry akasomea kwingine. Mwaka 1960 akaimba Amneris katika Opera ya Paris, na mwaka 1961 akawa mwimbaji wa kwanza mweusi kuimba Bayreuth, Ujerumani, katika tamasha la kazi za Wagner. Alipewa nafasi ya Venus, mungu wa mapenzi, na barua za watu waliochukizwa zilimiminika. Usiku wa kwanza watazamaji walipiga makofi kwa nusu saa. Baadaye alianza kuimba nafasi za soprano, ingawa wengi walimwona ni mtu wa sauti ya kati tu. Alifariki Vienna mwaka 2023.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kukaa Bayreuth. Mimi huvutwa zaidi na yule mama wa St. Louis. Binti yake alikuwa na kipaji, mlango umefunguliwa kidogo, na mtu yeyote mwenye kuamini kwamba kipaji ni deni linalopaswa kulipwa kwa gharama yoyote angemsukuma mtoto apite kwenye ufa ule. Mama aliona kwamba kuna namna ya kuitumia sauti ambayo ni mbaya kuliko kuiacha inyamaze. Kama ni hivyo, basi kipaji hakimwamrishi mtu akubali kila kinachopatikana. Kuna jambo jingine lenye haki ya kusema, nalo ni heshima ya anayeimba.

Sasa turudi nyumbani, kwa Siti binti Saad, ambaye ndiye shahidi mkubwa wa wale wanaosema "ondoka". Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu. Yeye alivibeba kichwani na kuvitembeza, akinadi kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, alimfundisha kuimba taarab. Wakati ule taarab ilikuwa burudani ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na wapagazi na wauza samaki wakaielewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Alifariki mwaka 1950, na maisha yake yakaandikwa na Shaaban Robert.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kipaji. Mimi naona kwanza kisa cha jina. Msichana aliyeitwa Mtumwa alihamia mjini, na mjini akapewa jina la Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima. Wapo waliomdhihaki hata baada ya hapo, kwa sura yake na kwa asili yake. Lakini jina jipya lilidumu. Je, angelipata Fumba? Sidhani. Kijijini kila mtu alijua yeye ni nani kabla hajafungua mdomo. Huu ndio utetezi wa dhati wa kuondoka, nao hauna uhusiano na umaarufu wala fedha: kuna watu ambao mahali walipozaliwa pamekwisha kuwapangia nafasi, na hapatawapangia nyingine. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "baki uwatumikie watu wako", ana haki ya kuuliza watu wake ni wapi, na tangu lini.

Baba mkubwa, ambaye ndiye atakayeongoza kikao, hana tatizo na Siti. Anazo santuri zake kichwani. Pingamizi lake ni la aina mbili, na si haki kumfanya aonekane mtu wa zamani tu asiyeelewa kitu.

La kwanza ni la dini na heshima. Anasema sauti ya mwanamke haifai kutandazwa mbele ya wanaume wasiomhusu. Wanazuoni wamelijadili jambo hili kwa karne nyingi na hawakukubaliana, na mimi si wa kuwaamulia. Ninachoweza kumkumbusha ni Umm Kulthum wa Misri. Baba yake alikuwa imamu wa kijiji, na kwa kuwa mtoto aliimba vizuri nyimbo za dini, alimvalisha nguo za kiume ili watu waweze kumsikiliza bila kuona haya. Yule Cherubino wa opera ni mwanamke anayejifanya mvulana kwa mchezo. Umm Kulthum alifanywa mvulana ili aweze kuimba mambo ya Mungu. Alipokua alivua zile nguo, sauti ikabaki, na Wamisri wakamwita as-Sitt, neno lilelile tulilompa binti wa mfinyanzi wa Fumba. Alipofariki mwaka 1975, Cairo ilifurika watu mazishini.

Namkumbusha pia jambo la karibu zaidi, kwa adabu zote. Shangazi akiimba kwenye harusi, wanawake huwa ndani ya ua wa makuti. Baba mkubwa huketi nje, barazani kwa jirani, na haondoki mpaka ngoma iishe. Sisemi kwamba anafanya vibaya. Nasema kwamba ua ule unaficha sura, na siku zote sote tumejua kwamba hauzuii sauti. Tumekubaliana kutolitaja.

Pingamizi lake la pili ni gumu zaidi. "Mwanangu," aliniambia, "mnazungumza kama kwamba huyu mtoto anaondoka peke yake. Akiondoka, ataondoka na nini? Nani ataimba kwenu?" Hapo nilinyamaza, maana ni kweli. Anayehama huchukua na kitu kilicholelewa na wengi. Sauti ya yule binti ni yake, lakini lafudhi ya uimbaji, mahali pa kuvuta pumzi, namna ya kuchelewesha neno mpaka ngoma ilikamate, hayo yote aliyaokota kwenye harusi za watu wengine. Kijiji kinachopoteza mwimbaji hupoteza zaidi ya mtu mmoja.

Basi kipaji ni nini? Kiswahili kinatupa maneno matatu, na ugomvi wetu mwingi unatokana na kuyachanganya. Kuna deni, kuna amana na kuna neema. Deni lina mdai anayejulikana, kiasi kinachojulikana na siku ya kulipa. Amana ina mwenyewe pia, lakini kazi ya aliyewekewa ni kuitunza irudi salama. Hatakiwi kuizalishia faida, wala si ruhusa kwake kuiuza kwa anayetoa bei kubwa. Neema haina mdai. Inataka shukrani, na shukrani ina njia nyingi.

Yule mgeni wa harusini anazungumza kana kwamba kipaji ni deni. Lakini mdai ni nani? Ni wasikilizaji wa Dar es Salaam ambao hawajui kama shangazi yupo? Mtu hawezi kukudai kitu ambacho hakukupa. Baba mkubwa naye, kwenye pingamizi lake la pili, anazungumza kwa lugha ya deni, ila amembadilisha mdai: badala ya ulimwengu, kijiji. Kijiji angalau kilitoa kitu. Lakini kilichotoa ni mafunzo na nyimbo. Hakikutoa koo.

Mafia ni kisiwa cha minazi, kwa hiyo niruhusiwe kuuleta mnazi. Nazi ikikauka, mtu ana njia mbili. Anaweza kuikausha zaidi ikawa mbata, akaitia gunia na kuivusha bahari, ambako bei yake hupangwa na watu asiowaona. Au anaweza kuikuna jikoni, akapata tui, akapika samaki, watoto wakala. Hakuna mwanamke wa Mafia atakayekuambia kwamba nazi ya tui ilipotea kwa kuwa haikufika Dar es Salaam. Nazi inayopotea ni ile iliyooza chini ya mti ilhali kuna mwenye njaa. Kwa kipimo hicho, sauti ya shangazi haikupotea hata kidogo. Imepikiwa harusi za kaskazini nzima.

Bi Kidude anathibitisha hilo. Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Dunia ilimjua akiwa mkongwe, na tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005. Lakini miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akipiga ngoma za unyago na kuwafunda wasichana wa Unguja mambo ya utu uzima. Kama asingepanda ndege hata mara moja, wasichana wale wangekuwa wamefundwa vilevile. Tuzo haikurudi nyuma kuipa thamani kazi ambayo tayari ilikuwa nayo.

Na kuna jambo ambalo anayesifu kwa neno israfu halioni. Sauti nyingine zina wa kuambiwa. Nyimbo za shangazi zimejaa mafumbo, na fumbo hukamilika anapokuwepo yule linayempiga, au angalau jirani yake atakayemgusa kwa kiwiko. Siku hizi shangazi hukataza simu kwenye ngoma. Wasichana hulalamika kwamba nyimbo zake zitapotea. Yeye husema wimbo uliokwenda kwa watu wasiohusika umeshapotea. Sikubaliani naye moja kwa moja. Siti aliimba habari za mjini, ikiwemo ile ya mwanamke mgeni aliyeuawa na muuaji akatorokea bara, na santuri zikazipeleka habari hizo mbali na vichochoro zilikotokea. Waliozisikia huko hawakuwajua wahusika, lakini waliijua dhuluma. Fumbo linaweza kumfikia mtu mpya na kumpiga palepale. Lakini naelewa shangazi anatetea nini: haki ya mwimbaji kuwachagua wanaomsikia.

Mfano wa nazi una kasoro moja, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Nazi haina matakwa. Ukiipeleka jikoni au bandarini, haitakuambia ilipenda nini. Tunaweza kuthibitisha kwamba maisha ya shangazi yalikuwa na thamani, na bado tukawa hatujauliza kama yalikuwa chaguo lake. Watu wengi wa dini, wa siasa na wa familia husifu maisha ya mwanamke aliyebaki kana kwamba kubaki kwake ni fadhila, kumbe hakuna boti aliyowahi kuoneshwa.

Kwa hiyo nilimwuliza. Alikuwa anakuna nazi, amekalia mbuzi, na mimi nachambua mchele.

"Shangazi, uliwahi kutaka kwenda ukaimbe kwingine?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu."

Nikadhani amemaliza. Akageuza kifuu, akakuna kidogo, akasema: "Na mngeniuliza, huenda ningesema sitaki. Bahari naiogopa. Lakini ningekuwa nimesema mimi."

Maneno hayo yamenisaidia kuona israfu iko wapi hasa. Haiko katika kuimba kijijini, wala haiko katika kuimba Bombay. Iko katika kumfanya mtu mwenye akili na matakwa kuwa nazi, tukabishana juu ya kichwa chake kama apelekwe jikoni au bandarini. Mgeni anayesema "aende" na mzee anayesema "abaki" wanaweza kulitenda kosa hilohilo kwa pamoja, kila mmoja akiamini anakitetea kipaji.

Haimaanishi kwamba binti yule hana wajibu wowote. Tumesema deni linahitaji mdai anayejulikana, na kwa upande huu mdai anajulikana: ni bibi yake, aliyemkalisha kando yake kwenye mkeka tangu akiwa na miaka sita. Nyimbo zile hazimo kwenye simu wala kwenye kitabu. Ni haki ya bibi kumtaka mjukuu azichukue zote kwa mdomo kabla hajaondoka, hata zile ndefu za kuchosha, na kumwambia zipi ziimbwe mbele ya nani. Hilo ni deni linalolipika. Kurudi akiwa maarufu si deni. Kurudi kabisa si deni pia, ingawa tutaumia asiporudi.

Kijiji nacho kina hesabu yake. Mwimbaji huitwa usiku kwa heshima, akatunzwa noti mbili tatu, na kesho yake asubuhi jina "mwimbaji" likatamkwa kwa midomo iliyopinda. Siti alikutana na hayo mjini akiwa kwenye kilele cha jina lake. Tunaotaka sauti ibaki kwetu tujiulize tumeiwekea kiti gani. Huwezi kumdai mtu umri wake wote huku ukimwonea haya mchana.

Kikao ni Ijumaa, baada ya swala. Najua nitakalisema kuhusu bibi na nyimbo zake, na nitalisema hata la baraza na ua wa makuti, kwa upole, kama baba mkubwa atanipa nafasi. Ila kabla ya hayo, itakapofika zamu yangu, nitaomba binti aitwe aketi nasi na aulizwe yeye kwanza.